Ukuta Uliangukia Nje

Wimbo haukukatika. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza, kabla ya maji, kabla ya mawe. Ilikuwa Jumapili asubuhi kwetu Mugutha, mvua imenyesha siku nyingi bila kupumzika, na ukuta wa kanisa ulipoangukia zizi letu, spika za kanisa ziliendelea kumsifu Mungu kwa sauti ya juu kana kwamba hakuna kitu.

Mume wangu alikuwa ndani ya zizi akimfungua ng'ombe. Siku hiyo hatukuenda ibada kwa sababu maji yalikuwa yakipenya chini ya ule ukuta, na kwa zizi yalishamfika magotini.

"Wewe panda kwa tangi!" alinipigia kelele. "Usiningoje. Ni kamba tu imebana."

Nilikuwa nimeshika nguzo ya tangi, mguu mmoja juu ya mawe yake. Nikaona ukuta umefura katikati, kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Nilitaka kumwita. Halafu mawe yakaja pamoja, na nyuma ya mawe yakaja maji yote yaliyokuwa yamejaa pale kanisa huegesha magari. Jiwe moja lilinivunja mguu wa kushoto. Ng'ombe alitoka mbio akiburuta kamba. Kwa hivyo alikuwa ameshaifungua. Hilo huwa nalirudia sana kichwani, kwamba alikuwa ameshaifungua.

Waimbaji walimaliza ubeti wao ndipo mtu akasikia mayowe yangu. Watu walikuja na miavuli na viatu vya Jumapili, na sitasema hawakujaribu. Wanaume waliinua mawe kwa mikono wakiwa na suti zao. Lakini mtu akishalaliwa na ukuta, kuna mawe mengi sana ya kuinua.

Pasta alisimama juu, pale ukuta ulipokuwa umeshikilia udongo. Aligeuka akaliangalia jumba la kanisa nyuma yake, limesimama zima, waumini wote wazima, watoto wamepangwa mlangoni wakichungulia. Akainua mkono akasema, "Asante Yesu. Ukuta umeangukia nje."

Nilimsikia. Nilikuwa nimelala kwa matope chini yake, hapo nje.

Wacha nirudi nyuma ndio mtu aelewe. Mimi shule niliiacha darasa la tano, na sijui kupanga maneno kama watu wa vitabu, lakini haya nimeyapanga kichwani nikiteka maji, nikifua, nikingoja usingizi.

Shamba letu lilikuwa kipande kidogo mwisho wa mteremko. Mume wangu alikipata kwa baba yake. Zamani sana babu yake alifika hapo mikono mitupu, akaomba mahali pa kulima, akapewa. Mtu wa namna hiyo sisi Wakikuyu tunamwita muhoi, mtu anayelima ardhi ya mtu mwingine kwa kuomba. Baadaye familia ya mume wangu ilipata hati yake kama watu wengine wote, lakini jina la muhoi halifutiki kwa hati. Kwetu ni tusi. Mkibishana mpaka wa shamba na mtu akushinde maneno, unamkumbusha tu kwamba babu yake alikuwa muhoi, na anakaa chini.

Mume wangu hakuwa anakaa chini. Ukimwita muhoi anacheka, anakuuliza, "Na wewe hii dunia uliinunua kwa nani?"

Juu ya shamba letu kulikuwa na swampi. Mafunjo, vyura, ndege wenye miguu mirefu, na pembeni mti wa mugumo mkubwa, na chini ya mizizi yake chemchemi. Maji ya mteremko wote yalikuja kukaa hapo, yakapumzika, kisha yakashuka polepole kupitia kwetu hadi mtoni. Tulipanda nduma kando kando. Nduma za hapo zilikuwa tamu hadi watu wa Ruiru mjini wakawa wanaziulizia sokoni.

Jirani yetu mmoja, mama Mkorino, wa lile dhehebu la Roho la vilemba vyeupe, alikuwa akija kuchota maji kwa ile chemchemi. Kabla hajainama alivua viatu. Hata kukiwa na baridi ya Julai, anavua, anaviweka pamoja, anasema "Thaai," yaani amani, ndio anachota.

"Kwani viatu vinakuwasha?" nilimuuliza siku moja.

"Kwa nyumba ya mwenyewe unaingia na matope?" akanijibu.

Sisi watu wa kanisa la mabati tulimcheka kidogo. Mume wangu hakumcheka, lakini gambuti zake hakuvua. "Mungu atanisamehe," alisema. "Anajua hapa kuna ruba, ni yeye aliwaumba."

Hilo kanisa la mabati ndilo lilikuwa letu. Tulikuwa tumeoana hapo, tumezikia wazazi hapo. Kisha pasta wa zamani akastaafu, akaletwa huyu mwingine, kijana wa koti la kubana, msomi, mwenye sauti nzuri. Sidanganyi, nilimpenda. Alihubiri mpaka ukasahau chakula umeacha kwa moto. Lakini alikuwa na hubiri moja ambalo hakulichoka. Kwamba Mungu alipomaliza kuumba alimpa mtu dunia yote aitawale, wanyama wake, maji yake, miti yake, na mtu maskini ni mtu ambaye hajaanza kutawala.

"Mwambie jirani yako, tawala!" anasema.

Nasi tunageukiana. "Tawala!"

Mume wangu ananigeukia. "Tawala," ananiambia, "lakini ukitoka hapa ukamue ng'ombe."

Jumapili moja pasta alimwita mbele asome lile Neno lenyewe. Mume wangu alisoma kwa kufuata na kidole, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Akafika mahali Mungu anawaambia watu waijaze nchi na kuitiisha. Hilo neno baada ya t lina i mbili, na maana yake ni kuifanya ikunyenyekee, ikutii. Yeye akasoma i moja. Akasoma kuitisha. Na sisi hapa kwetu kuitisha ni kile unafanya ukiingia hoteli, unaitisha chai, unaitisha chapati mbili.

Kanisa lilicheka. Pasta naye akacheka, akamshika bega.

"Ndugu, ni kuitiisha. I mbili! Mungu hakukuambia uitishe dunia kama chai na mandazi."

"Pole, Pasta," mume wangu akasema. "Lakini hata hiyo yangu si mbaya."

Watu wakacheka zaidi. Tukitembea kurudi nyumbani nilimwambia, "Mzee, leo umeniaibisha." Akaniambia hapana, ngoja, hebu fikiria. Kwa Kikuyu kuomba jirani chumvi na kuomba Mungu ni neno moja, kuhoya. Muhoi ni yule aliyehoya. Mtu anayeitisha anajua kitu si chake, anajua kuna mwenyewe, na anajua anaweza kuambiwa hapana. "Sasa mtu wa i mbili," akasema, "huyo ataambiwa hapana na nani?"

Kuanzia siku hiyo ikawa mchezo wa nyumba yetu. Akienda kukata nyasi za ng'ombe, anasimama mbele ya nyasi na panga: "Naitisha." Akichimba nduma: "Naitisha mbili tatu, mwenye shamba." Nami jikoni nikichota unga, najikuta nimesema. Ulikuwa mchezo, lakini nilimwona mara nyingine amesimama pale bila kusema kitu, kofia mkononi, na nikajua kwamba si mchezo tu.

Sasa nitaje watu. Majina siyaandiki, na hakuna haja, kwa sababu kila mtu wa Mugutha akisoma hapa anajua ni nani. Wa kwanza ni huyo pasta. Wa pili ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye simenti yote ya kanisa ilitoka kwake. Wa tatu ni afisa aliyetumwa kukagua, akaja na buti safi, akaondoka na buti safi.

Kanisa lilinunua ile swampi ili lijenge jumba kubwa juu na mahali pa magari chini. Walianza na mugumo. Pasta alisema wazee wa zamani waliabudu chini yake, kwa hivyo kuna mapepo. Siku ya kuukata aliupaka ule msumeno wa injini mafuta ya maombi, nasi tukiwa tumesimama tunaimba. Mama Mkorino alikuja akasimama mbali, miguu mitupu.

"Mama, unalilia mti?" mwenyekiti akamuuliza. "Si nyinyi ni watu wa Roho?"

"Silii," akasema. "Nangoja nione mkimaliza mtajificha jua wapi."

Pasta akampita na kumwambia kwa upole, maana hakuwa mtu wa kelele, kwamba Mungu haishi ndani ya miti. Yule mama akamjibu kwamba hajasema anaishi ndani. "Nimesema ni yake," akamwambia. Basi. Msumeno ukawashwa.

Baada ya hapo yakaja malori ya udongo, siku baada ya siku, na tingatinga la kusawazisha. Swampi ikafukiwa, nduma zetu za juu zikaenda nayo, na pale palipokuwa chini pakawa juu kuliko sisi. Mwishowe wakaanza ukuta wa mawe wa kushikilia huo udongo, kati yao na sisi, kutoka pembe hadi pembe, bila upenyo.

Mume wangu alisimama kwa mkutano baada ya ibada. Alivua kofia.

"Mimi sikatai ukuta," alisema. "Nauliza tu, maji yatapita wapi?"

"Maji gani?" mwenyekiti akasema. "Swampi imekwisha."

"Swampi imekwisha, mvua haijakwisha. Yale maji yalikuwa na njia yao kabla ya kanisa. Acheni matobo chini ya ukuta. Yapitishieni kwangu, mimi nitayachimbia mtaro hadi mtoni, kwa jembe langu."

Mwenyekiti akasimama, akajikuna shingo kama mtu amechoka na nzi. "Atiriri, watu wa Mungu, hebu sikieni. Mjukuu wa muhoi ametuletea masomo ya ardhi."

Wengine walicheka. Nilihisi uso wangu unawaka. Mume wangu hakukaa chini.

"Ni kweli," akasema. "Na muhoi ni mtu anayeomba. Pasta wetu hapa kila asubuhi anaomba. Si basi naye ni muhoi mwenzangu?"

Aii, kanisa lile lilivyolipuka! Kina mama walipiga makofi. Pasta mwenyewe alitabasamu, lakini tabasamu la meno tu, macho hayakuwamo. Akasema sawa, matobo yaachwe. Mume wangu akachimba mtaro wake, kutoka kwa ukuta, kando ya zizi, hadi mtoni. Ilimchukua muda, na mgongo wake haukuwa wa kijana. Msimu wa kwanza wa mvua maji yalipita kwetu kama wageni wenye adabu, yakashuka, yakaenda zake. Hata afisa wa buti safi alikuja akaonyeshwa, akanywa soda kwa ofisi ya pasta, akasema kazi ni nzuri.

Kilichoharibu ni vyura.

Ukifukia swampi vyura hawaendi mahali. Wanakaa, wanakungoja. Mvua ilipokuja walitoka mtaroni, wakapitia yale matobo, wakarudi kwao, na kwao sasa ni mahali pa magari, na kutoka hapo ni ngazi chache hadi jumba la kanisa. Kulikuwa na harusi, chura akaingia chini ya gauni la bibi harusi. Kulikuwa na mkesha wa maombi, pasta akikemea mapepo, chura anamjibu kila akipumua. Watoto walianguka kwa kucheka. Jumapili iliyofuata pasta alihubiri kuhusu wanyama watambaao, na jinsi mtu alipewa amri juu yao, na akawakemea vyura kwa jina la Yesu, kanisa zima limeinua mikono.

Vyura hawakuondoka. Kwa hivyo mwenyekiti akaleta simenti.

Niliona mafundi wakiyaziba matobo. Nilimwita mume wangu, akakimbia na gambuti mguu mmoja. "Nani amewatuma?" aliwauliza. Wakamwonyesha juu. Alipanda hadi ofisini, akamkuta pasta na mwenyekiti pamoja, nami nikiwa nyuma yake nimeshika leso. Aliwasihi. Hakuwapigia kelele. Alisema, "Naitisha tu hilo moja, Pasta. Yaache wazi. Kama ni vyura, nitaweka wavu mimi mwenyewe."

Pasta alimwangalia kwa huruma, haki ya Mungu ilikuwa huruma. Akasema, "Ndugu yangu, shida yako ni imani. Wewe bado unaogopa maji. Mungu aliyatia maji chini ya miguu yetu."

"Hayako chini ya miguu yenu," mume wangu akamwambia. "Yako juu ya kichwa changu."

Mwenyekiti akasema muhoi akizoea ataomba hadi kitanda.

Tulirudi nyumbani. Alikaa kwa mlango akavua ile gambuti moja. Akaniambia mvua ikija kubwa tutamfungua ng'ombe mapema. Huo ndio mpango tuliokuwa nao. Kumfungua ng'ombe mapema.

Yaliyofuata nimeshayaeleza.

Alizikwa hapo hapo shambani, chini kwa mtaro wake. Pasta aliendesha mazishi, nami nilikuwa kwa kiti, mguu umefungwa plasta. Alisema hii ni kazi ya Mungu, na njia za Mungu hatuziulizi. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilikuwa nafikiria simenti. Nilikuwa nafikiria kwamba nilimwona yule fundi akiilainisha kwa mwiko, akaipiga maji kidogo ikauke vizuri, na yule fundi hakuwa Mungu.

Sasa ninaishi Ngoingwa, upande wa Thika, kwa dada yangu. Kulala kule chini tena kulinishinda. Natembea na fimbo. Kanisa naenda, lingine, dogo, nakaa karibu na mlango, na mvua ikianza kupiga mabati natoka, hakuna anayeniuliza. Dada yangu ana sukuma wiki nyuma ya nyumba. Nikienda kukata ya jioni, bado nasimama kidogo. Watoto wa dada yangu wanafikiri naongea na sukuma. Wacha wafikiri.

Mtu ambaye hunitembelea ni mama Mkorino. Anashuka kwa bodaboda na nduma kwa mfuko, ananiambia habari za Mugutha. Alikuja juzi akaanza kumenya nduma mwenyewe bila kuombwa, nikajua kuna kitu.

"Sema tu," nikamwambia.

"Wamejenga ukuta tena," akasema. "Mrefu zaidi."

"Na matobo?"

Akatingisha kilemba. Halafu akaniambia lile lingine, ambalo ndilo lilimleta. Kwamba pasta sasa ana ushuhuda. Anauhubiri kila mwaka ikikaribia siku ile ya ukuta, na anaalikwa hadi makanisa ya Mwihoko kuutoa. Anaeleza jinsi mafuriko yalikuja kuimeza nyumba ya Bwana na waumini wamo ndani, na jinsi mkono wa Mungu uliusukuma ukuta, badala ya kuangukia ndani ukaangukia nje, na hakuna aliyeumia hata kidole. Watu wanapiga vigelegele. Wengine wanalia.

Hakuna aliyeumia. Nilimwomba alirudie mara ya pili ndio nihakikishe.

Mimi simlaumu Mungu. Nimekaa na jambo hili muda wa kutosha, na kama angekuwa yeye ningejua, tungemalizana naye magotini. Mungu aliweka swampi pale ikae na maji. Aliweka vyura. Alimpa mume wangu akili ya kuuliza swali moja mbele ya kanisa lote. Mengine yote yalifanywa na watu wenye viatu, na mmoja wao aliyafanya akiwa ameshika Kitabu.

Kwa hivyo nakuandikia wewe, Pasta, na mwenyekiti wako akusomee kama una shughuli. Yule afisa naye mtafuteni, mnajua alipo. Sitaki rambirambi, na sitaki mniombee. Nataka Jumapili moja, ibada kubwa, spika zikiwa zimewashwa zile zile, usimame hapo mbele uwaambie watu nani aliamuru matobo yazibwe, na aliambiwa nini kabla hayajazibwa, na ni nani aliyemwambia. Kisha uwaeleze hilo neno lako, maana umelitumia sana na mimi darasa la tano sijalielewa. Ukuta uliangukia nje. Nje ni wapi, Pasta? Kulikuwa na nani huko nje? Mtaje jina, nami nitakuja hata kwa magongo nikusikie ukilitaja.

Naitisha hilo tu. I moja.